Bastola Isiyo na Alama

"Una hakika ni ya bandia?" Inspekta aliuliza tena.

"Nimekwambia, nimeandika, nimeweka sahihi," mthamini wa makumbusho alijibu. "Sasa unataka niimbe?"

Inspekta hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini kama mgeni aliyekuja kushinda. Kituoni walimwita Polepole, naye alijua. Wala hawakumwonea. Siku stoo ya kituo iliposhika moto, wenzake walitoka mbio wakigongana mlangoni. Yeye alitoka akitembea, kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika. Sajini aliyefuatana naye, mwanamume wa makamo aliyependa kesi zake ziwe fupi, alikuwa amesimama mlangoni akiangalia saa.

Bastola ililala juu ya kitambaa cheupe katikati ya meza. Ilikuwa gumegume la kijeshi, zito, lenye mtutu mnene na kitako cha mbao nyeusi kilichopinda kama mkono wa mwavuli. Bastola za aina hii hazijui risasi za siku hizi. Nyundo yake inabana kipande cha jiwe. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche zinadondokea baruti kwenye kisahani, na moto unapita kitundu kidogo ubavuni kuingia mtutuni. Mtu alikuwa anapiga mara moja, kisha anaanza kazi upya huku akiomba adui naye awe mzito wa mikono.

Kesi yenyewe mtu angeisimulia akiwa amesimama. Mama mmoja mjane alitaka kuipa makumbusho bastola ya marehemu mumewe, aliyoachiwa na babu yake mzee aliyekuwa askari, ili jina la familia likae mahali ambapo watu watalisoma. Mthamini akaitwa, akaiangalia, akasema samahani mama, hii ni ya kuigiza. Mjane akang'aka. Bastola ya mume wake ilikuwa na alama ubavuni, taji na herufi chini yake. Alizipapasa kwa kidole chake mwenyewe siku alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi. Hii ubavu wake mtupu, unateleza kama sahani. Basi si yenyewe! Na kama si yenyewe, kuna mtu kaibadili. Na aliyewahi kutoka nayo nje ni mmoja tu, mkwe wake, fundi seremala, aliyeichukua mwaka jana kwenda kuziba ufa wa kitako akakaa nayo mwezi mzima.

Mkwe akatiwa mbaroni. Alisema hakuiba, kisha akafunga mdomo. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani. Mkewe, mjamzito wa siku za mwisho, alikuwa kwa mama yake, akilia huku akimpikia yule yule aliyemfungisha mumewe. Hilo ndilo lililomuuma Polepole. Mtoto yu njiani, na nyumba ya kumpokea imeshapasuka katikati.

"Nionyeshe ulichokiona," alimwambia mthamini. "Kimoja kimoja. Nichukulie mimi ni mwanafunzi mzito."

Mthamini alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Akampa lenzi.

"La kwanza, hakuna alama. Jeshi lilipiga mihuri kila kitu chake. La pili, angalia hili bamba." Bamba lilikuwa kipande bapa cha chuma ubavuni, kilichobeba nyundo na kisahani. "Unaona vishimo? Vya mviringo? Hivyo ni viputo vya hewa. Chuma kikimiminwa kwenye kalibu, hewa inanasa. Za kweli hazikumiminwa, zilifuliwa. Za kuigiza ndizo zinazomiminwa. La tatu, skrubu hii. Mpya kabisa. Haya, niambie wewe."

"Kesi imekwisha," alisema Sajini kutoka mlangoni.

"Nyuma ya bamba umeangalia?" Polepole aliuliza.

"Hatufungui mali ya mtu, Inspekta. Skrubu za zamani zinakatika, halafu lawama zote juu yetu."

"Kwa sasa si mali ya mtu, ni kielelezo cha polisi, na dhamana nimeibeba mimi. Ikikatika, mimi ndiye nitakayelaumiwa."

Mthamini alimtazama, akaitazama bastola, na macho yake yakachangamka. Kumbe naye alikuwa na hamu! Akavaa glavu, akachagua bisibisi, akaisugua ncha kwenye jiwe mpaka ikaingia sawasawa kwenye mfuo wa skrubu. Akaweka nguvu kidogo kidogo, meno yameuma mdomo wa chini. Skrubu zikazunguka moja moja bila ubishi.

"Zina mafuta," alisema. "Zimefunguliwa karibuni."

"Si ndiyo huyo fundi!" Sajini akadakia.

"Sajini, kunywa maji."

Bamba likachomoka. Mthamini akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga, akaliinamia. Sajini naye akasogea mezani.

"Ala!" mthamini akasema.

Nyuma ya bamba, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu, chuma kilikuwa cheusi, na katikati yake palikuwa na herufi mbili na taji dogo kama punje ya mchele, makali yake hayajaguswa. Pembeni palikuwa na mikato mitatu ya tupa. Mikato kama hiyo ilikuwa kwenye nyundo, kwenye springi, kwenye kila skrubu isipokuwa ile mpya, na walipouinua mtutu, ikawa chini ya mtutu pia.

"Mafundi walikuwa wanaunda nyingi kwa mpigo," mthamini alisema, sauti imeshuka. "Kila moja waliipa mikato yake ili vyuma visichanganyike. Hivi vyote ni ndugu wa tumbo moja." Akamulika tochi kitundu cha moto. "Na hapa pameliwa na baruti, tundu limepanuka. Hii imepigwa, Inspekta. Imepigwa sana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilikosea. Ni yenyewe. Wala vile si viputo, ni vishimo vya kutu vilivyosuguliwa mpaka vikawa mviringo. Nilitazama nje nikaridhika." Alilisema bila kuzungukazunguka, na Polepole akampenda kwa hilo.

Sajini hakuwa amemaliza. "Basi alama za mbele kazifuta yeye. Kafuta makusudi ili ionekane bandia, mama aitupe, yeye aiokote. Si mwezi mzima alikuwa nayo?"

Halikuwa wazo baya, na Polepole alilipa haki yake. "Inawezekana?" alimuuliza mthamini.

Mthamini alirudi kwenye lenzi, akakaa hapo. "Seremala angetumia tupa au msasa," alisema hatimaye. "Vinaacha mistari iliyonyooka. Hapa naona viduara, vidogo, kimoja juu ya kingine, hata havihesabiki. Halafu pitisha kidole hapa ukingoni. Unasikia? Chuma kimeshuka chini ya mbao. Kimeliwa chote hicho, na mbao iliyo pembeni yake haina hata mkwaruzo. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya mwezi. Na mtu huyu hakuwa na haraka hata kidogo." Akasita, akaona haya kidogo. "Kama isingekuwa chuma, ningesema alikuwa anambembeleza mtu."

Chini ya kisahani, kwenye pembe ambayo kitambaa hakifiki, palikuwa na unga ulioshindiliwa ukawa mgumu. Mthamini akauchokoa kwa sindano, ukaanguka juu ya karatasi, mwekundu. Akautia tone la maji, akausaga kati ya vidole.

"Tofali," alisema. "Tofali lililosagwa."

Polepole aliangalia ule unga. Mama yake mwenyewe aliwahi kusugua masufuria kwa kitu kama hicho, uani, huku akiimba vibaya. Akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akaomba bastola ifungwe lakini bamba lisikazwe.

"Kwa mjane?" Sajini aliuliza walipoingia garini.

"Kwanza kwa fundi."

*

Fundi alikuwa mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, na katika chumba kidogo cha mahojiano mikono ile ilikosa pa kukaa. Sahani yake ya chakula ilikuwa pembeni, haijaguswa.

"Hujala," Polepole alisema.

"Sina njaa, Afande."

"Mkeo ndiye aliyekileta."

"Najua. Ndiyo maana hakipiti."

Polepole akakaa mbele yake. "Bastola ni yenyewe. Tumefungua."

Fundi alifumba macho, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi yamekwisha."

"Hayajakwisha. Ile skrubu?"

"Ilikatika mikononi mwangu. Nikatengeneza nyingine. Hilo nakiri."

"Kwa nini ulifungua?"

"Ufa ulipita chini ya bamba, Afande. Usingezibika bila kufungua."

"Ukaona alama nyuma."

"Nikaziona."

"Na mbele hakuna kitu."

Polepole akatoa ile karatasi, akaikunjua mezani kati yao. Fundi akauangalia unga mwekundu, kisha akautazama mlango, kana kwamba kuna mtu angeweza kusikia.

"Nyumbani kwa mama mkwe wako nani anasaga matofali?"

"Afande, nakuomba."

"Nijibu."

"Umeshajua. Kwa nini unataka litoke kinywani mwangu?"

Polepole alingoja. Katika hilo hakuna aliyemweza kituo kizima.

"Tangu baba mkwe afariki," fundi alianza, "kila asubuhi kabla ya chai, mama anaishusha ukutani. Anakaa chini, anaipakata. Kitambaa, unga wa tofali, ndimu. Anasugua huku anaongea. Anamwambia baba nani kaumwa, nani kaoa, sukari imepanda bei. Mke wangu aliposhika mimba, mimi habari nilizipatia hapo, napita dirishani, namsikia mama anamwambia baba. Baba aliambiwa kabla yangu!" Alicheka peke yake. "Nilipoliona lile bamba kwa nyuma, nikaelewa. Alikuwa anamfuta mwenyewe bila kujua, kidogo kidogo, kwa mapenzi. Sasa ningeanzaje? Mama, acha, unamharibu baba?"

"Ukaona bora ukalale ndani."

"Sikufikiria jela, Afande, sikudanganyi. Nilijua mtatafuta, mtakosa, mtaniachia. Niliufikiria uso wake tu."

"Alikuita mkono mrefu mbele ya mtaa mzima."

"Aliniita. Lakini huyo huyo alinipa binti yake nikiwa sina hata msumeno wangu mwenyewe. Ndugu zake walimcheka, akawaambia huyu ni mtu. Neno lenyewe ndilo hilo: huyu ni mtu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mwambie miaka ndiyo iliyofuta. Nayo si uongo."

Polepole alikuwa na sifa ya kutopindisha maneno. Alikunja karatasi, akainuka, na akiwa mlangoni akasema, "Nitajaribu. Wewe kula."

*

Sebuleni kwa mjane kila chuma kilimetameta. Vitasa vya milango, birika, nondo za dirisha, vyote viling'aa. Trei kubwa ya shaba iliyotundikwa ukutani ilikuwa na maua kando kando, lakini ilibidi uinamishe kichwa ndipo uyaone, maana yalibaki kivuli tu. Polepole aliiangalia ile trei, akajisikia mnyonge.

Mjane alikuwa amekaa wima kitini, mwembamba, mtandio mabegani. Binti yake alimkaribisha Inspekta kwa mkono mmoja, mwingine ameshika kiuno.

"Umekuja kuniambia ameungama?" mjane aliuliza.

"Nimekuja kukurudishia kitu chako, mama." Akafungua kitambaa, akalichomoa bamba lililolegezwa, akaliweka kwenye kiganja cha mama yule, nyuma ikiwa juu. "Macho usiyasumbue. Papasa."

Kidole gumba kilipita taratibu. Kikafika katikati, kikasimama. Kikarudi, kikapita tena.

"Taji," mjane alisema, na sauti yake ikawa ya msichana. "Hii hapa. Na herufi. Ni yeye, ni mzee wangu."

"Ndiyo yenyewe. Haikubadilishwa. Haikuibwa."

Binti alikaa chini pale pale aliposimama, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Mjane naye alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka, mpaka akaligeuza bamba upande wa pili.

"Na za mbele?"

"Miaka, mama," Polepole alisema. "Chuma nacho huchakaa."

"Miaka."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo miaka ilifuta mbele tu? Nyuma iliogopa kupiga hodi?"

Polepole alikuwa amewahi kukaa uso kwa uso na wauaji bila kupepesa. Sasa aliangalia sakafu, na akajua hapo hapo kwamba ameshajibu. Alipoinua macho, mjane alikuwa akikitazama kidole chake gumba. Ncha yake ilikuwa laini, imepoteza mistari, na ukingoni mwa ukucha palikuwa na wekundu usiotoka kwa maji.

"Niambie kiaskari," mjane alisema. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ni kusugua, mama. Ni tofali."

Mjane hakupiga kelele. Aliliweka bamba mapajani, akalifunika kwa viganja viwili.

"Nilidhani namtunza," alisema.

Binti akajikokota mpaka miguuni pake, akamwegemea magotini, tumbo na yote. Walikaa hivyo. Polepole alitamani kazi nyingine, kazi yoyote, hata ya kuuza nyanya.

"Nani mwingine anajua?" mjane aliuliza baadaye.

"Mkweo. Tangu mwaka jana, alipoifungua."

"Siku ile nimesimama hapo mlangoni namtukana, majirani wote wako nje, alikuwa anajua?"

"Alijua."

"Akanyamaza."

"Akanyamaza. Na leo amenisihi nami ninyamaze. Nimeshindwa, mama, unisamehe."

Mjane aliinuka, mkono ukitafuta egemeo la kiti. Alimwambia binti yake, "Nipe viatu vyangu."

*

Fundi aliposikia sauti zao koridoni alisimama wima, na walipoingia akainamisha macho kama anavyopaswa mtu mbele ya mama mkwe. Sahani ilikuwa tupu.

"Shikamoo, mama."

Mjane hakuitikia. Sajini alianza kusema kitu kuhusu utaratibu wa kuwaona mahabusu, Polepole akamgusa mkono, akaacha.

"Niangalie," mjane alisema. "Mwaka mzima nasugua, wewe unapita pale unaniona. Kwa nini hukuniambia?"

Fundi alimtazama mkewe pale mlangoni, kisha akamtazama mama.

"Ningekuambia uache, mama, asubuhi ungeongea na nani?"

Mjane alimsogelea, akaushika ule mkono mkubwa kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa hasira, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha.

"Na wewe!" alisema. "Mjinga wewe, ningeongea na wewe!"

Fundi alilia kama mtoto, amesimama, mkono wake ungali mikononi mwa mama. Mkewe alikuja akamkumbatia kwa nyuma. Mjane akawa anasema nisamehe mwanangu, nilikuaibisha mbele ya watu na nitakuomba radhi mbele ya watu hao hao, na yeye anasema basi mama, basi, yamekwisha, na kila mmoja anamkatiza mwenzake. Polepole alitoka kwenda kutia sahihi ya kumwachia. Alimkuta Sajini koridoni anatafuta funguo, na hakumwambia kwamba zinaning'inia kiunoni mwake, maana hata yeye mwenyewe alihitaji dakika moja hivi ya kujipangusa uso.